Nyumba ya Bi Ione Yahama

Seymour Yearwood alifanya kosa ambalo hata mtoto wa kijiji chetu cha Marl Gap asingelifanya: aliuza nyumba isiyo yake.

Kiwanja kilikuwa chake, hilo hakuna aliyebisha. Alikirithi kwa baba yake. Lakini hapa Barbados ardhi ni kitu kimoja na nyumba ni kingine. Wazee wetu walikodi ardhi ya watu wenye mashamba ya miwa, watu waliokuwa wakiweza kukufukuza kwa sababu umewakazia macho. Basi wakajenga nyumba za mbao juu ya mawe yaliyopangwa tu, bila saruji, ili siku ya kufukuzwa wabebe nyumba yao waende zao. Seymour alilijua hilo tangu utotoni. Ila alikuwa amewatembeza wageni mno, akiwauzia viwanja vya ufukweni, hadi akaanza kuona mambo kwa macho yao. Tena aliamini hakuna wa kudai. Bi Ione, mwenye nyumba, alikuwa ameshakufa, na binti yake, Undine, alikuwa Toronto akifua mashuka ya hospitali.

Undine alikuwa na habari zote. Majirani walimpigia simu kabla hata kaburi halijakauka. Walimweleza jinsi Seymour, aliyelelewa na Bi Ione huyohuyo, aliyekula na Undine ugali uliosongwa na bamia sahani moja kila mama mzazi wa Seymour alipokuwa kazini, alivyokuja na viatu vya kung'aa akamwambia bibi wa miaka themanini na tatu kwamba kiwanja kimepata mnunuzi, atoke. Bi Ione hakujua kubishana na mtoto aliyemwogesha. Alifunga nguo zake kwenye shuka, akapelekwa makao ya wazee, na msimu wa mvua haukumkuta. Alifia kwenye kitanda cha serikali, katikati ya watu wasiojua hata jina lake la nyumbani.

Undine aliporudi, watu wa kijiji walingoja alie. Hakulia. Chuki ilikuwa imemkaa kooni kama mwiba wa samaki, na hakutaka mtu amsaidie kuutoa.

Wanunuzi walikuwa Waingereza wawili, mtu na mkewe, wakiitwa Whitcombe. Waliipenda ile nyumba kwa rangi yake ya waridi na nakshi za mbao chini ya paa. Kiwanja chenyewe hawakukitazama mara mbili. Kilikuwa majani na vinyesi vya mbuzi. Walitaka nyumba, na wangekabidhiwa Jumamosi adhuhuri.

Undine alimwendea Darnley Scantlebury, fundi wa kuhamisha nyumba, akamkuta akinoa msumeno.

"Fundi, nyumba ya mama bado inahamishika?"

"Ile aliiunga marehemu baba yangu. Ukitaka niipeleke mbinguni, itafika na mlango wake."

"Mbinguni mbali. Jumamosi asubuhi uko tayari?"

Darnley aliacha kunoa. "Jumamosi si ndiyo siku Seymour anawaleta wazungu wake?"

"Ndiyo hiyo."

"Undine, wewe mwanamke una roho mbaya."

"Ninayo. Utakuja, huji?"

"Mimi nisije? Nitakuja na vijana wote, na rumu nitanunua mwenyewe."

Jumamosi hiyo tangu alfajiri Marl Gap hakuna aliyebaki kitandani. Mabati yalishuka kwanza, kisha nakshi, kisha kuta, ubavu mmoja baada ya mwingine, kila ubao ukipakwa alama ya chaki. Majirani walichoma mashelisheli kandokando ya njia kana kwamba ni sikukuu. Kila ukuta ulipolala kwenye lori walipiga makofi, na Undine alisikia kitu kikimlegea kifuani. Kilikuwa furaha tupu. Wanaosema kisasi hakina ladha, pengine hawajawahi kukipika vizuri.

Gari la Seymour lilipofika adhuhuri, kulikuwa na mawe tu, na mbuzi mmoja juu yake.

Bibi Whitcombe alishuka, akatazama kushoto, akatazama kulia. "Bwana Yearwood, nyumba iko wapi?"

Seymour alikuwa ameshaona lori. "Undine! Una wazimu? Hii ni mali iliyouzwa!"

"Umeuza kiwanja," Undine alisema, amekaa kwenye kiti cha mama yake juu ya lori, miguu ikining'inia. "Kiwanja hicho hapo, hesabu kokoto zake. Mawe tutarudi kuyachukua tukishakula."

"Ile ilikuwa mbao kuukuu tu! Hakuna aliyekuwa akiitaka!"

"Wewe uliitaka. Na hawa uliowaleta wanaitaka."

Bibi Whitcombe alisogea karibu na lori. Alikuwa mtu mwenye adabu, na Undine hakuwa na ugomvi naye. "Mama, pengine ungetuuzia wewe hiyo nyumba?"

"Mama yangu hakuulizwa kama anataka kutoka. Mimi angalau nimeulizwa, nashukuru. Lakini siuzi."

Wale wageni wakarudi garini wakinong'onezana, na kila mtu alielewa kwamba watadai malipo yao ya awali. Seymour hakuwa nayo tena. Malipo hayo alikuwa ameshayageuza kuwa kibaraza kipya nyumbani kwake, pale juu kidogo ya barabara, kibaraza cha vioo vitupu, cha kukaa jioni na kutazama bahari.

"Unaipeleka wapi?" aliuliza, sauti imeshuka.

Undine alimwonyesha kwa kidevu. Kati ya kibaraza kile na bahari kulikuwa na kipande cha ardhi cha Bi Clotilda Maynard, mjane ambaye Seymour aliwahi kumzibia njia ya kwenda kisimani. Bi Clotilda alikuwa amempangisha Undine bila hata kumaliza kusikiliza.

Jua lilipopungua makali nyumba ilikuwa imesimama. Darnley aliiinua juu ya mawe aliyoyapanga juu zaidi kuliko zamani, kwa hisani yake mwenyewe. Aliyekaa kwenye kibaraza cha Seymour hakuona bahari tena, aliona mbao za waridi na Undine akianika nguo zake za ndani.

Kulipokucha Undine alitoka na kikombe chake cha chai ya majani. "Habari za asubuhi, Seymour!"

Hapa kwetu mtu akikusalimu usipoitikia, utaonekana hukulelewa. "Nzuri," Seymour alisema.

"Mama anakusalimu."

Seymour alirudi ndani. Kesho yake akasalimiwa vilevile, na kesho kutwa, kwa sauti tamu ya watu waendao kanisani. Alijaribu kutokea mlango wa nyuma, salamu ikamzunguka. Aliamua kuuza nyumba yake awalipe akina Whitcombe, lakini wateja walifika kibarazani, wakatazama ukuta wa waridi, wakauliza bahari iko upande gani, wakaondoka.

Jumapili moja alishuka hadi kwenye uzio, hajanyoa ndevu, shati limetoka nje ya suruali. Undine alikuwa akimenya viazi.

"Dada yangu," alisema. "Tumekula sahani moja."

"Nakumbuka. Mboga mama alikuwa akikupa wewe kwanza."

Seymour alishika waya wa uzio. "Nimeshaaibika. Nimeshafilisika. Unataka nini tena? Mpaka lini?"

"Mpaka umwombe mama radhi, naye akusamehe kwa kinywa chake."

"Lakini Bi Ione amekufa, Undine! Amekufa!"

Undine alitumbukiza kiazi majini, akachukua kingine.

"Najua," alisema. "Ndiyo maana sina haraka."