Asiyefaulu Harudishiwi

Mdomo wa wifi haukuwa na breki. Mwalimu alikuwa hajamaliza hata kupanga viti sebuleni kwa mama mkwe, na tayari mtaa mzima ulishaambiwa: "Wapelekeni watoto tuisheni kwa mke wa kaka yangu. Mtihani wa taifa utakuwa mchezo. Asiyefaulu, ada mnarudishiwa yote!"

Maneno hayo mwalimu aliyasikia kwa mara ya kwanza siku ya kikao cha wazazi, kinywani mwa muuza nyama, aliyeketi mbele kabisa, miguu kaitanua kama mwenye nyumba.

"Sisi hatuna neno, mwalimu. Tumeupenda huo utaratibu wako wa kurudishiwa."

"Utaratibu upi?"

Wifi, pale dirishani, akakohoa na kumkonyeza: kubali tu, mengine tutayajua mbele ya safari.

Shule ilishampunguza mwalimu kazini. Mume yuko mbali kibaruani, na anachotuma kinaishia sokoni. Akikubali, kila senti atakayokula itamkodolea macho mpaka matokeo yatoke. Akikataa, anamuumbua dada wa mumewe mbele za watu, ndani ya nyumba ya mama yao.

Akasimama.

"Mimi sikusema hivyo, wala sitasema. Ada ni moja kwa wote, inalipwa kabla mwezi haujaanza. Mtoto asipokuja bila taarifa, somo lake limepita. Na asiyefaulu harudishiwi."

Minong'ono ikachemka.

"Sasa tunanunua nini?" akauliza fundi cherehani.

"Fundi, nikikuletea kitambaa ukanishonea gauni, kisha nikanenepa, unanirudishia hela?"

"Inategemea umenenepa kiasi gani, mwalimu."

Watu wakaangua kicheko. Mwalimu naye alicheka, ila hakukaa.

"Nitawafundisha wasome swali mpaka mwisho, wasirukie jibu la kwanza, wajue kugawa muda wao. Makosa yao nitayapitia moja moja. Lakini chumba cha mtihani siingii. Humo mtoto huingia peke yake."

"Elimu ni mwanga," muuza nyama akasema. "Mwanga hauuzwi."

"Kweli kabisa. Na mafuta ya taa?"

Mama mapacha akanyoosha mkono. "Na sisi wa wawili wawili, hakuna punguzo?"

"Wanao wana vichwa vingapi?"

"Viwili."

"Basi umeshajijibu, dada."

Hapo mama mkwe, aliyekuwa pembeni muda wote, akajiweka sawa kitini. Bibi huyu hasira zake alizifunga ndani ya vitendawili: ukikitegua kimoja umekwisha, usipokitegua umekwisha zaidi.

"Kitendawili!"

"Tega," wakaitika.

"Nimemkaribisha mgeni nyumbani, kanifungia mlango kwa kufuli lake."

Kila mtu akatazama sakafu.

"Ni mimi, mama. Na kama kufuli langu linaudhi hapa sebuleni, nitafundishia chumbani kwangu. Kitanda nitakisimamisha ukutani. Nilichosema hakibadiliki."

Muuza nyama akainuka, na wengi wakamfuata. Fundi alibaki. Mama mapacha alibaki, akilalamika na huku akitoa hela. Wifi alikuwa wa mwisho kutoka.

"Umenivua nguo mbele za watu, wifi."

"Wewe ulinivisha isiyo yangu."

"Utakuja kuniomba watoto, wewe!"

"Nitakuja kukuomba chumvi, wifi yangu. Watoto, hapana."

Siku ya kwanza ya masomo, palepale sebuleni, viti vitupu vilikuwa vingi kuliko watoto. Mwalimu alikuwa ubaoni alipotokea mlangoni binti wa wifi, begi mgongoni.

"Shikamoo, mkaza mjomba. Mama kasema niingie tu."

"Marahaba, mwanangu. Nyumbani karibu, chai ipo jikoni. Darasani bado."

Binti akaenda jikoni kichwa chini. Mwalimu akageukia ubao ili watoto wasimwone uso; moyo ulimuuma kama jino bovu. Hakumwita.

Punde mama mkwe akatoka jikoni, kamshika mjukuu mkono, noti zimekunjwa kiganjani.

"Mama yake ana mdomo, hela hana. Nalipa mimi. Shika nusu."

Watoto wakaacha kuandika.

"Nusu hapana, mama."

"Mimi mkweo!"

"Ndiyo, mama, na heshima yako iko palepale. Nusu hapana."

Bibi akamkazia macho. Akasonya, msonyo mrefu kama kamba ya kuanikia nguo, kisha akapenyeza mkono kifuani na kutoa zilizobaki. Mwalimu akazipokea kwa mikono miwili, goti kalikunja. Binti alikwishakaa kitini, kalamu mkononi.

"Haya," bibi akanong'ona. "Ila huyo wifi yako nitamwambia umenipunguzia, nami nisionekane sina sauti kwangu."

"Usithubutu, mama. Kesho mtaa mzima utanijia na nusu. Mwambie nimepokea ada yote."