Maji Kidogo Tu

"Nyumbani kwema kabisa," Dionizi alisema kwenye simu, huku akiisukuma ndoo kwa mguu mpaka ikakaa sawasawa chini ya dari.

To!

"Nini hicho?" dada yake Florida aliuliza kutoka Louisville.

"Saa ya ukutani."

"Saa gani hiyo yenye mafua? Sikiliza, Dionizi. Jumamosi wakwe wanatoka Buffalo kuja hapo kwako kumposa binti yetu Delfina. Ukituaibisha, namba yangu uifute."

"Usiwe na wasiwasi, dada."

Juu ya kochi la wageni, dari lilikuwa limevimba kama tumbo la mjamzito aliyefikia siku zake. Si kwamba Dionizi hakwenda kwa meneja wa majengo. Alikwenda, akarudi tena. Meneja alimjulia hali, naye akajibu kwamba hajambo, nyumba nzuri, Mungu mwema, ila kuna maji kidogo tu. Meneja akafurahi, wakaagana vizuri. Katika kambi ya wakimbizi ya Kigoma alikokulia, mtu aliyeulizwa habari akaanza kumwaga shida zake alionekana hana adabu. Nani hakuwa na zake?

Jioni, katika darasa la Kiingereza kanisani Clintonville, mwalimu aliandika ubaoni "play down", yaani kulifanya jambo kubwa lionekane dogo, akamtaka Dionizi amweleze mwenzake wa meza moja. Mwenzake alikuwa Mama Lin, Mchina aliyekaa ghorofa ya chini yake katika jengo lile lile kule Whitehall. Kiingereza cha wote wawili kilikuwa bado kinachechemea.

Dionizi alifikiri. "Nyoka ameingia nyumbani. Mimi nasema, mnyoo tu."

Mama Lin alichukua penseli, akachora tembo kwa mistari hafifu mno, hata Dionizi akalazimika kuisogeza karatasi karibu na macho.

"Hivi?"

"Hivyo hivyo!"

"Kwetu tunasema, mtu amechora kwa wino mwepesi."

Wakacheka. Dionizi akanogewa, akaongeza mfano. "Dari linavuja wiki nzima. Mimi nasema, maji kidogo."

Mama Lin akaacha kucheka. "Kumbe yanatoka kwako?"

"Yamefika mpaka kwako?"

"Kidogo," alisema, akiinamisha macho. "Nalala na mwavuli."

Asubuhi walisimama mbele ya meza ya meneja. Dionizi alikumbatia ndoo iliyojaa pomoni, Mama Lin ameshika mwavuli wake.

"Hamjambo?" meneja aliuliza, akitabasamu.

"Hatujambo kabisa!" walijibu kwa pamoja, kabla hawajajizuia.

Mama Lin akamkanyaga Dionizi mguu. Dionizi akashusha pumzi, akaitua ndoo juu ya meza, katikati ya karatasi. Maji yakayumba, yakapanda hadi ukingoni, yakasita.

"Hatujambo," alirudia polepole, "ila..."

Nyuma yake, Mama Lin alifungua mwavuli.