Mwenye Jina Aje Mwenyewe

Jumamosi ya pili ya Machi, mwaka 2000, kwaya ya akina mama wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka ilishuka kwenye lori mbele ya hifadhi ya msitu mjini Lilongwe. Walikuwa na sufuria ya wali, maharage, na vibali vya kutoka kambini, mwisho saa kumi na moja jioni. Walikuja kutembea na kutazama maua.

Odette, fundi cherehani kutoka Fizi, Kongo, alikuja na jambo lake. Mumewe Gélase aliuawa shambani mwaka 1998. Alipofika kambini na kuulizwa mwenye nyumba ni nani, alitaja jina la mumewe, maana kwao mwanamke hasemi nyumba ni yake kabla matanga hayajaondolewa. Kadi ya chakula ikaandikwa Gélase, na karani wa kambi akagoma kuibadilisha na kutoa unga. Hakuna cheti, hakuna kaburi, basi hakuna mjane. "Mwenye jina aje mwenyewe," alisema. Mwaka mzima Odette na binti yake Bora walikula unga wa jirani yao Marlène, na unga wa jirani, hata ukitolewa kwa roho safi, hukwama kooni.

Mlinzi wa geti, mzee Kamwendo, aliyejifunza Kiswahili akiwa kibarua Tunduma, aliwaeleza njia. Ya kwanza inashuka mtoni. Ya pili inazunguka miombo. Ya tatu ina maua mengi kuliko zote, na inaishia Kongo.

"Msichume maua," aliongeza. "Zikomo," yaani asante kwa Kichewa.

Odette alishika ya tatu. Baada ya nusu saa udongo ukawa mwekundu, akaiona mihogo yake ya kule Fizi imesongwa na magugu. Hilo lilimuudhi. Gélase alikuwa amekaa kwenye tuta na shati lake lile lile, na pale risasi ilipoingia kifuani palikuwa pameota ua dogo la njano.

"Umekonda sana, Mama Bora," akasema.

"Banakutafuta ku biro ya kambi. Banasema mwenye jina akuye mwenyewe."

"Lakini mi nilisha kufa."

"Njo utabaambia vile."

Gélase akatafuta viatu vyake, akavikosa, akamfuata peku.

Getini mzee Kamwendo alimzuia, kwa sababu maua hayatoki hifadhini. Odette alichomoa sindano anayoichomeka siku zote kwenye ukosi wa blauzi, akachana kipande cha kitenge, akashona mfuko juu ya lile ua.

"Sasa silioni," mzee alisema, akafungua.

Ndani ya lori akina mama walisogeleana kumpa nafasi. Marlène, mwalimu wa zamani wa Bukavu ambaye ulimi wake haulali, alimuuliza kama anaimba besi. Gélase alisema zamani aliimba. Kesho yake kanisani akaimba.

Jumatatu karani alimsikiliza kupitia mkalimani, Valentin. Gélase alieleza siku, saa na risasi, kisha akafumua mfuko. Karani akalitazama ua, akaandika muda mrefu, akasoma alichoandika. Mwenye jina amefika mwenyewe. Mtu anayejieleza kwa mdomo wake hawezi kuandikwa marehemu, hivyo ombi la mama kuandikwa mjane limekataliwa. Kadi itatumika, ila mwenye jina afike kila mwezi kutia dole gumba.

"Chef, mi nilisha kufa," Gélase alisema kwa upole.

"Anasema hayo ni ya dosye ingine," Valentin alitafsiri, maana yake faili nyingine.

Odette alipandwa na hasira hadi masikio yakawaka. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Akapokea unga.

Tangu hapo kila mwezi aliomba kibali, akashika njia ya tatu, akamleta, kisha akamrudisha. Dole la Gélase liliacha udongo mwekundu mahali pa wino, na karani alipiga muhuri juu yake. Bora alipata jioni moja ya kukaa na baba yake. Matanga hayakuondolewa, kwa kuwa hakuna anayemlilia mtu aliyesimama kwenye foleni ya unga.

Mwezi wa Agosti walikaa juu ya gunia wakingoja lori la kumrudisha. Gélase alikuwa akisugua nyayo zake zilizopasuka.

"Nimechoka, Mama Bora. Mutanizika siku gani?"

Odette aliushika ule mfuko wa kitenge, akaona mshono umelegea, akaanza kuurudia.

"Vumilia, Baba Bora. Biro bado haiyakubali."

Akakata uzi kwa meno, na lori likafika.