Nusu Saa ya Bustanini

Daktari aliniambia bila kupepesa macho: presha yangu isiposhuka ndani ya mwezi, cherehani niiage. Akaniandikia vidonge, na chini yake akaongeza: "Kila siku akakae penye miti." Nilicheka. Nikakae penye miti nishone nini, majani?

Mume wangu hakucheka. Yeye ni fundi saa, na tunagawana chumba kimoja cha kazi: mimi na cherehani yangu dirishani, yeye na saa mbovu za wateja ukutani, kila moja ikisema lake.

"Nusu saa tu, mama watoto," alinibembeleza.

"Nusu saa, dakika moja isizidi. Nina sare za shule za watu."

Akafungua droo, akatoa saa ndogo, akairekebisha na kunifunga mkononi; ikawa desturi yake kila nikitoka.

Siku za kwanza nilikaa kwenye benchi la bustani nimenuna, nikihesabu vifungo kichwani. Siku ya nne nikasikia ndege. Wiki ya pili nyasi zilizotoka kumwagiliwa zikaanza kuninukia vizuri, mabega yakalegea yenyewe, na usiku nikawa nalala fofofo. Mume wangu akadai nakoroma. Kilichonishangaza ni kazi tu. Nusu saa hiyo moja, mbona sare zinanirundikania hivi?

Siku ya kliniki nilipitia bustanini kwanza. Kufika, nesi akanijia juu. "Mama, ndiyo unafika? Tumekuita mpaka tumechoka!"

Nikamwonyesha saa yangu. Akanionyesha ya ukutani. Nilikuwa nyuma kwa dakika arobaini.

Alinipima hata hivyo, kisha akanipima tena. "Imeshuka," akasema. "Cherehani yako endelea nayo. Na huko kwenye miti usiache."

Nilirudi kazini nimefura, nikamwekea ile saa mezani. "Wewe mzee, saa hii umeifanya nini?"

Akatoa lenzi jichoni taratibu. "Nimeilegeza. Nusu saa yake ni saa nzima na ushee. Ningekuomba saa nzima, ungekubali?"

"Thubutu!"

"Basi ndiyo hivyo. Niliogopa, mke wangu. Chumba hiki bila kelele za cherehani yako ningekaa nacho vipi?"

Nampenda mtu huyu, na ujanja wake wote. Nikanyoosha mkono anifunge saa.

"Ilegeze kidogo tena," nikamwambia. "Na ujitengenezee na yako. Kesho tunakwenda wote."