Nyayo za Chopi

Walimponya. Hakuna aliyewaomba na hakuna aliyekuwa mgonjwa, lakini walimponya, halafu wakataka niwashukuru.

Ngoja nieleze, maana nikianza na hasira peke yake mtadhani akili zimeniruka. Niliandika riwaya ya watoto kuhusu mvulana aitwaye Chopi, mwenye mguu mmoja mfupi. Kijiji chake kinakauka, na maji yako ng'ambo ya mlima unaosikiliza. Mlima huo hauna macho, una masikio tu, na umekariri mwendo wa binadamu. Ukisikia puu-puu, puu-puu, unafunguka na kummeza mwenye mwendo huo. Chopi anapita kwa sababu mwendo wake, puu-shwaa, mlima haujawahi kuusikia. Anayafungulia maji, anarudi nyumbani akichechemea vilevile, na kitabu kinaishia hapo.

Chopi ni jina ambalo wenzetu walimtania nalo mdogo wangu utotoni, kwa kuchechemea kwake. Nililichukua nikampa shujaa, ili watu washike adabu. Binti wa mdogo wangu alipozaliwa na mguu uleule wa baba, kitabu kilikuwa kinamsubiri. Amekisoma mpaka jalada limebanduka, na shuleni huwaambia wenzake kwamba yeye ni wa ukoo wa Chopi, kwa hiyo wampishe.

Watu wa filamu walipokuja, muongozaji wao alifanya jambo moja la maana. Alimpa mdogo wangu kazi ya nyayo. Ndiyo, ni kazi. Nyayo unazozisikia kwenye filamu mara nyingi si za mwigizaji. Kuna mtu chumbani anayeitazama picha na kuzitembea upya mbele ya kipaza sauti, juu ya sanduku la mchanga, la kokoto au la mbao. Mdogo wangu ameifanya kazi hiyo miaka nenda miaka rudi akiwa amepiga magoti, viatu kavivaa mikononi, kwa sababu kila mtu aliyeletewa alikuwa na miguu iliyo sawa. Kwa Chopi alifanya kazi amesimama. Alinipigia simu siku hiyo akicheka mpaka akakohoa.

"Dada, leo nimetembea kwa miguu yangu."

Nami nikacheka. Nilijua binti yake ataisikia filamu nzima ikichechemea kwa mwendo wa baba yake, na nilitaka jambo hilo kuliko bango lenye jina langu.

Kisha wakabadilisha mwisho. Sasa malkia wa maji anamgusa Chopi mguu, mwanga unawaka, na mtoto anakimbia kwenda kwa mama yake, puu-puu, puu-puu. Nilimfuata muongozaji ofisini damu ikinichemka.

"Mama, familia zinataka kutoka ukumbini zikitabasamu," aliniambia kwa sauti ya kumbembeleza mgonjwa.

"Na aliyetoka na mguu wake mfupi, atabasamu na nani?"

"Ni zawadi tu. Shujaa lazima apate zawadi."

Mguu ndio uliomwokoa, nikamwambia, wewe unauondoa kama uchafu. Akaniuliza kama ningependa chai.

Nilishuka chumba cha sauti, nikamkuta mdogo wangu amepiga magoti tena. Viatu vya mtoto vilikuwa mikononi mwake, na alikuwa anavikimbiza kwenye mchanga huku macho yakiwa kwenye picha. Alikuwa anafanya vizuri, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

"Inuka hapo," nikasema.

"Dada, kazi ni kazi. Ni dakika moja ya mwisho."

"Mwanao ataiona hiyo dakika."

"Ataona filamu. Watoto hawachambui mambo kama nyinyi waandishi."

Alisema kwa upole wake ule unaonitia wazimu tangu tukiwa wadogo. Waliomtania aliwachekea, na muongozaji huyu pia alikuwa anamchekea. Niliondoka bila kuaga.

Jumamosi mchana waliwaalika watu na watoto wao kuitazama filamu kabla sauti yake haijakamilishwa kabisa. Binti alikaa katikati yetu. Chopi alipoanza kupanda mlima, puu-shwaa, puu-shwaa, alimgusa mama mmoja asiyemjua kabisa aliyekaa mbele.

"Huyo ni baba yangu," alimnong'oneza. "Zile nyayo."

Malkia alipomgusa Chopi, ukumbi mzima ulipiga makofi. Binti naye alipiga. Nilimtazama mdogo wangu; alikuwa anatabasamu, hajaelewa kitu.

Baadaye tulisimama kwenye sebule ya mapokezi, nje ya ukumbi, muongozaji akipokea pongezi kama bwana harusi. Binti alimvuta baba yake shati.

"Baba, pale mwisho ulitembeaje sawasawa?"

"Kwa mikono, mwanangu."

Alifikiri kidogo. Kisha akakaa chini, akavua viatu vyake, akavivaa mikononi, akapiga magoti. Akavitembeza kwenye vigae polepole, kwa uangalifu mkubwa. Puu-puu. Puu-puu.

"Hivi?" aliuliza. "Nikifanya hivi na mimi nimepona?"

Watu walimpisha wakicheka, mtoto mzuri, mtundu. Mdogo wangu hakucheka. Niliuona uso wake ukibadilika, na katika maisha yetu yote sikuwahi kuuona vile. Alipiga magoti, akavitoa viatu mikononi mwa binti yake, akavirudisha miguuni, akafunga kamba. Akamwinua, akageuka kwa muongozaji.

"Mwisho nitaurudia," alisema. "Nikiwa nimesimama."

"Kaka, kwenye picha amepona. Sauti haitalingana."

"Badilisha picha."

"Haiwezekani."

"Basi zifute nyayo zangu zote. Chopi wako apande mlima kimyakimya."

Muongozaji alinigeukia, akitafuta mtu mzima wa kumsaidia. Alikosea mtu. Nilimwambia akifuta nyayo, na jina langu alifute, na kila atakayeniuliza kwa nini nitamjibu kwa sauti hiihii. Safari hii hakuniuliza kuhusu chai.

Mdogo wangu na binti yake walikuwa wameshashikana mikono na kuondoka. Sakafu ilikuwa ya vigae, na kila mtu alizisikia nyayo zao zikichechemea mpaka mlangoni.