Ndoo ya Mkunjoni

Watu wa shirika la uchapishaji walimwita Mandhari, na kama alikuwa na jina jingine, hakuna aliyelitaja. Kazi yake ilikuwa kuchora vitu ambavyo mtoto havitazami: ukuta nyuma ya bibi, vumbi chini ya baiskeli, anga juu ya kuku. Wahusika wenyewe walichorwa na mtu mwingine, fundi mwenye kichwa kilichovimba aliyeitwa Bingwa. Jina hilo alijipa mwenyewe, kisha akanuna watu walipochelewa kulitumia. Bingwa alichora mbuzi, Mandhari akamtafutia mbuzi mahali pa kusimama. Kitabu kikitoka, watu walimsifu mbuzi.

Hilo halikumkosesha usingizi. Aliijua kazi yake. Alijua kuacha nafasi tulivu pale maneno yatakapokaa. Alijua kutopitisha mstari wa upeo wa macho shingoni mwa mhusika, asije akaonekana amechinjwa. Zaidi ya yote alijua kutoweka kitu cha maana mkunjoni, pale katikati kurasa mbili zinapokutana na kushonwa, kwa sababu kinachoingia pale kinamezwa na hakuna anayekiona tena.

Kilichomla ni jambo jingine. Alikuwa na binti waliyemwita Kidoti, kwa ajili ya alama ndogo nyeusi juu ya mdomo wake. Mama yake aliondoka naye akiwa na miaka mitano, na wala tusimpake Mandhari usafi asiokuwa nao: siku hizo alikuwa mtu wa chupa, akirudi nyumbani anapojisikia na kuja juu akiulizwa. Chupa aliiacha, ila wakati huo nyumba ilikuwa imeshabaki tupu. Mke aliolewa mji mwingine, na hakutaka kumsikia wala kumwona. Aliyekaribishwa huko ni dada mkubwa wa Mandhari peke yake, mkunga, ambaye alimpokea Kidoti kwa mikono yake siku alipozaliwa. Naye alikaribishwa kwa sharti moja, kwamba asimtaje mdogo wake mbele ya mtoto. Mkunga aliapa. Mandhari alimbembeleza, akamnunia, hata machozi akatoa, lakini dada mtu hakutetereka.

"Nikivunja kiapo na mimi nitafungiwa mlango," alimwambia. "Halafu utabaki huna hata mtu wa kukuambia kama mtoto anakua."

Basi ikabaki ndoo.

Zamani paa la chumba chao lilivuja, na ndoo nyekundu ilikaa sakafuni kando ya meza ya kuchorea, ikipokea matone. Siku moja Mandhari, mkono huku na mawazo kule, alijikuta ameichora ndoo hiyo juu ya mti, katikati ya hadithi isiyohusiana kabisa na maji. Kidoti aliiona kabla baba yake hajashtuka, akacheka mpaka akashikwa na kwikwi. Tangu hapo ukawa mchezo wao. Kila kitabu kilikuwa na ndoo moja, mahali ambapo ndoo haina shughuli. Mtoto hakujua kusoma hata herufi moja, lakini kutazama alijua. Kitabu kikiletwa nyumbani haulizi hadithi inahusu nini. "Ndoo iko wapi?" ndilo neno lake la kwanza.

Miaka ikapita bila ndoo wala wa kuitafuta. Kisha shirika likampa Mandhari kitabu cha mbuzi aliyepoteza kengele yake, kitabu kikubwa, cha kuuzwa kila mji. Moyo ukamruka. Safari hii hakuweka ndoo moja. Aliiweka katika kila picha: juu ya paa la kituo cha treni, kichwani mwa sanamu ya uwanjani, kwenye tawi la mti, kando ya daraja ikielea hewani. Kila moja aliichora mwishoni, rangi za mandhari zikiwa zimekauka, kwa brashi yake nyembamba kuliko zote, huku amebana pumzi. Katika maisha yake hakuwahi kuchora kitu kwa matumaini kama yale, na matumaini ni kitu kibaya sana kumpa mtu aliyekwisha kuzoea kukaa bila kitu.

"Akiiona tu atajua," alimwambia dada yake.

"Ana miaka tisa sasa," mkunga alisema. "Mtoto anasoma kila kitu, mpaka maandishi ya nyuma ya pakiti ya sabuni. Na mengi ya zamani amesahau, nakwambia ukweli."

"Ndoo hawezi kuisahau."

Mkunga angebishana na nini? Kichwani mwa mdogo wake Kidoti alikuwa bado ameketi sakafuni, miguu imenyooshwa, akihesabu matone na kurukaruka namba.

Siku ya kukabidhi kazi, mhariri alimwita ofisini. Picha zilikuwa zimebandikwa ukutani kwa mpangilio wa kitabu, na Bingwa alikuwa amesimama mbele yake, mikono nyuma, kama mwenye nyumba anayekagua nyufa.

"Mandhari, hizi ndoo ni za nini?" mhariri aliuliza. Alikuwa mwanamke mpole, miwani yake huishi kwenye paji la uso. "Hadithi haina ndoo."

"Ni za watoto kutafuta. Wanapenda kutafuta."

"Zinamwibia mbuzi wangu macho!" Bingwa alidakia. "Mtoto badala ya kumwangalia mbuzi anavyolia, anahangaika na ndoo. Zitoke. Zikibaki, basi kitabu kiwe changu peke yangu, jina moja tu, nje na ndani. Sitaki kuulizwa mambo ya ndoo halafu sifa nigawane na mtu mwingine."

Mhariri alishusha miwani, akaipandisha tena. "Jina lako la kweli huwa tunaliweka ukurasa wa ndani, Mandhari, ule wa majina. Herufi ndogo. Sitaki kukuonea, lakini Bingwa ndiye anayeuza."

Mandhari nusura acheke. Alikuja pale tayari kupiga magoti, tayari hata kulia mbele ya Bingwa, na kumbe anaombwa kitu ambacho hakimsaidii chochote. Jina! Mtoto asiyejua kusoma atafanya nini na jina?

"Litoeni," alisema. "Ndoo zibaki."

"Usikimbilie. Kalale, ufikirie."

"Nimeshafikiri."

Akampa Bingwa mkono na kutoka nje akitembea kama kijana. Njiani alijinunulia brashi mpya, kitu ambacho hakuwa amekifanya siku nyingi, na kwa mara ya kwanza tangu nyumba yake ivunjike alijiona mjanja.

Kitabu kilipotoka, aliifungua nakala ya kwanza. Ndoo zilikuwepo. Iliharibika moja tu, ile ya darajani. Aliyepanga kurasa alikuwa amekuza maneno, akaisogeza picha pembeni yapate kuenea, na ndoo ikaangukia mkunjoni. Kilichobaki ni kijiuzi chekundu ambacho hata yeye aliyeichora alikitafuta kwa kuinamisha kitabu kwenye mwanga. Alisikitika kidogo, akasema si haba, nyingine zipo.

Mkunga akakibeba kitabu kwenye mkoba wake, katikati ya khanga mbili, akasafiri nacho.

Kungoja kulimtesa Mandhari kuliko chupa ilivyowahi kumtesa. Kazi haikwenda. Alichora ukuta wa kitabu kingine ukatoka umepinda, akaufuta, ukapinda tena. Alijipangia maneno ya kumwambia mtoto akipiga simu, akayapunguza, akabakiwa na "Mwanangu," akaona hilo linatosha.

Dada yake aliporudi alivua viatu mlangoni, akaomba maji, akanywa bilauri yote bila kupumzika. Mandhari alisimama akimtazama koo.

"Niambie basi."

"Nilimpa. Mama yake alikishika kwanza, akaliona jina la Bingwa peke yake, akamrudishia mtoto."

"Akakifungua?"

"Alianza na ukurasa wa majina."

"Majina ya nini?"

Mkunga aliweka bilauri chini. "Ndivyo anavyofanya kwa kila kitabu, nimeambiwa na mama yake. Mama mtu anadhani ni mchezo wa kitoto. Kidoti anapitisha kidole kwenye zile herufi ndogo, anatafuta jina lake la pili. Jina lako, mdogo wangu. Shuleni bado analitumia hilo hilo. Akapitisha kidole mpaka chini, akasema, 'Hamna,' akafunua ukurasa wa kwanza."

Mandhari aliketi. Alikumbuka alivyolitoa jina lake kirahisi pale ofisini, na brashi mpya aliyojipongeza nayo, na aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Na ndoo?" aliuliza, kwa sauti ndogo.

"Aliziona."

Akainuka tena. "Aliziona? Alicheka?"

"Alisema wamekosea." Mkunga hakumtazama. "'Shangazi, ona, ndoo inafanya nini juu ya paa? Aliyechora hakuwa makini.' Akaenda kuleta rangi zake."

"Rangi?"

"Akazifuta. Yaani akapaka juu yake, moja baada ya nyingine, na mimi nimekaa pale pale, ulimi nimeufunga kwa kiapo changu mwenyewe. Ya mtini alichanganya kijani na njano kidogo, akajaribu kwanza kwenye kipande cha karatasi, ndipo akapaka. Sasa hivi ukitazama huwezi kujua palikuwa na kitu."

Mandhari alitikisa kichwa. Akili yake iling'ang'ania kitu kimoja alichokijua, kama vile kitamwokoa.

"Nyekundu haifichiki hivyo. Ukipaka kijani juu ya nyekundu inatoka matope."

"Alianza na nyeupe. Akaiacha ikakauka."

"Nani kamfundisha?"

"Hakuna mtu. Nyumba ile hakuna anayeshika brashi."

Nje mtu alikuwa anakokota kitu kizito barabarani, akipumzika na kuendelea.

"Alizipata zote?" Mandhari aliuliza mwishowe.

"Zote."

"Ya darajani hakuiona. Ile hakuna aliyeiona. Mhariri hakuiona, Bingwa hakuiona. Imemezwa na mkunjo."

"Ile ya katikati?" Mkunga alifunika macho kwa kiganja. "Alikibana kitabu mezani kwa viwiko mpaka mshono ukaachia, akaingiza ncha ya brashi. 'Na hii walidhani sitaiona,' akasema. Akaipaka."