Marahaba Iliyochelewa

Kt. Ndiyo sauti ya komeo la mlango wangu alfajiri, mjukuu wangu Precious anapotoka kwenda mwaloni, kule ziwani wavuvi wanakoshusha samaki, kununua dagaa. Zamani mlango huo niliufunga kwa kipande cha kanga. Komeo alilifunga Fonoti, na kila nikilisikia najifunika shuka hadi usoni, ingawa hakuna anayenitazama.

Fonoti ni mmisionari wa miaka kumi na tisa, ametoka Samoa, visiwa ambavyo Precious alivitafuta kwenye simu mpaka akachoka. Kifuani ana kibao kimeandikwa "Mzee Fonoti". Wamisionari vijana wa kanisa lao huitwa hivyo, hata wasio na ndevu. Mwenzake, Mzee Mashimba, ni Msukuma wa Shinyanga. Kila Jumanne walipanda mawe ya mlima wetu wa Igogo kuja kwangu. Mimi ni Mkatoliki tangu nikiwa Bukoba, nikawaambia siku ya kwanza kuwa sihami. Wakasema sawa, wakaomba visu, tukakaa kumenya ndizi. Fonoti alimenya vibaya, nusu ya ndizi ikaenda na ganda, lakini hakuondoka bila kufagia.

Kiswahili nilimfundisha mimi. "Ukisikia shikamoo usinyamaze," nilimwambia. "Jibu marahaba. Kunyamaza ni dharau." Akaandika kwenye daftari. Siku alipoona kile kipande cha kanga mlangoni akasema, "Bibi, nitaleta kimeo." Tulicheka, naye alipoelezwa akacheka kutuzidi.

Jumanne moja wanawake wa jumuiya walikuwa kwangu kusali. Tulipomaliza, jirani yangu Dorotea akanigeukia.

"Mama Jovitus, wale vijana kila wiki wako hapa. Unabatizwa upya lini?"

Wengine wakaguna. Nilitamani sana wajue kwamba sijahama. Na hapo hapo vijana wakatokea kwenye kona ya jiwe. Kabla Fonoti hajafungua mdomo niliinuka, nikapiga magoti kama mkwe, nikasema kwa sauti ya kusikika:

"Shikamoo, Mzee!"

Alishtuka. Akanitazama kama mwanafunzi aliyeulizwa swali na mwalimu wake.

"Marahaba, Bibi."

Uwanja mzima ulilipuka kwa kicheko.

"Babu huyo!" Dorotea alisema huku akijifuta machozi. "Mpeni kiti, magoti yanamsumbua!"

"Ana wajukuu wangapi?" akauliza mwingine.

Mashimba hakucheka. Alimnong'oneza mwenzake, na masikio ya Fonoti yakawa mekundu. Mwili wote ule mkubwa ukashuka kwenye vumbi.

"Shikamoo, Bibi. Shikamoo."

Mimi nilikuwa bado nacheka. Sikuitikia.

Jumanne iliyofuata alikuja na komeo na bisibisi. Akalifunga, akalijaribu mara tatu, akafagia unga wa mbao. Mashimba ndiye aliyeaga. Baada ya hapo hawakuja tena.

Wiki ya tatu nilikutana na Mashimba dukani.

"Bibi, Fonoti haongei Kiswahili siku hizi. Tukipiga hodi ananisukuma mimi mbele. Anataka kuwaomba wakubwa wetu wamrudishe kwao."

Mtoto alinijibu kama nilivyomfundisha. Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Jumapili nilimwambia Dorotea hivyo hivyo, na yeye akatazama chini. Jumatatu nikafunga ndizi kwenye mfuko, nikaenda Buswelu walikopanga.

"Bibi, samahani," Mashimba alisema mlangoni, "kwa sheria yetu wanawake hawaingii ndani."

"Nani kaomba kuingia? Leteni kiti."

Fonoti ndiye aliyekileta. Alikiweka kivulini, akakifuta kwa mkono, bila kunitazama. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Likatoka moja tu.

"Marahaba."

Akainua macho. "Bibi, mimi sijasema."

"Ulisema. Wiki tatu zilizopita, mbele ya watu, mara mbili. Marahaba, mjukuu wangu. Na ya pili pia, marahaba."

Alikaa chini kwenye kizingiti.

"Nilikosa?" aliuliza.

"Wewe hukukosa. Mimi ndiye niliyekuchezea, ili wenzangu wasiseme nimehama." Sikuweza kumtazama, nikawa nazihesabu ndizi mfukoni kama mtu anayeuza.

Aliinuka akaingia ndani, nikadhani ndiyo basi. Akarudi na kisu na sufuria. Alimenya vinene kama zamani, nami sikumsahihisha hata ganda moja.

Nilipoinuka kuondoka alinibebea mfuko hadi barabarani. Hapo akasimama, akatafuta maneno moja moja.

"Bibi. Kesho Jumanne. Nakuja kwako. Lakini na wewe, uje tena hapa. Kiti kipo."